Kugeuka Pinki Si Dalili ya Tinti Feki

Ujumbe ni uleule, anayebadilika ni mtumaji tu. "Dada, nimeona video ya Mkorea kapaka tinti ya mdomo ya kahawia, imemkaa hatari. Nikainunua. Asubuhi iko sawa, nimemaliza kula mchana najiangalia kwenye kioo, midomo pinki! Nimepigwa, hii feki." Kisha picha tatu za boksi.

Jamani. Feki zipo, na nitazifikia. Lakini tinti iliyobakiza pinki baada ya pilau imefanya kazi yake. Ya kutilia shaka ni ile ambayo ukifuta mdomo kwa tishu hakuna kilichobaki.

Shida inaanzia pale mtu anapodhani tinti ni lipstiki nyepesi. Lipstiki ni unga wa rangi uliofungwa ndani ya nta na mafuta. Unakaa juu ya ngozi na kuifunika. Tinti inafanya kama hina, inaingia kwenye ngozi ya juu na kuacha doa. Tena tinti nyingi za Kikorea za miaka hii zina vyote viwili kwenye kichupa kimoja: unga kidogo wa kupendezesha macho mwanzoni, na doa la kubaki. Rangi unayoiona dakika ya kwanza ni jumla ya hivyo viwili. Rangi ya saa nane mchana ni doa peke yake.

Geuza boksi usome. Mara nyingi mwishoni mwa orodha ya viambato pana namba zinazoanza na CI, yaani Colour Index, orodha ya kimataifa ya rangi. CI 77491, 77492 na 77499 ni oksidi za chuma: nyekundu, njano na nyeusi kwa mpangilio huo. CI 77891 ni titani dioksaidi, nyeupe. Huo ndio unga, na haushiki ngozi, unakaa juu tu. Sasa tafuta CI 45410, CI 45380 au CI 17200. Hizo ndizo za doa, na zote zinaelekea kwenye pinki au kwenye wekundu wenye ubluu ndani yake. CI 15985 na CI 19140 ni chungwa na njano. Utazikuta kwenye rangi nyingi za korali na pichi, ila doa lake ni hafifu na huwahi kuondoka.

Kwa hiyo ile kahawia ya kwenye video mara nyingi ni oksidi za chuma, njano kidogo na pinki ya 45410 zilizochanganywa mpaka jicho likaona kahawia. Ukila, mafuta ya chakula yanayeyusha utando na kuzoa unga. Njano inafuata. Anayebaki ni 45410, naye hana rangi nyingine ya kukupa. Korali inaishia pinki, kahawia inaishia pinki, hata nyekundu ya matofali inasogea hukohuko. Zisizokushtua ni zile zilizokuwa pinki, beri au zambarau tangu mwanzo.

Halafu kuna wale wa "inabadilika kulingana na pH ya mwili wako", yaani kiwango chake cha asidi. Hapa uvumilivu wangu ndipo unapoishia. Lipstiki za kijani na mafuta ya mdomo yasiyo na rangi yanayogeuka pinki mdomoni hutumia jamii hiyohiyo ya rangi ikiwa katika hali ya asidi, ambayo ndani ya mafuta haionekani. Ikikutana na unyevu inafunguka na kuwa pinki. Mdomo wako pinki, wa jirani yako pinki, wa bibi yako pinki. Hakuna aliyetengewa rangi yake binafsi.

Vitabu vya fani hupenda kueleza tofauti kati ya mtu na mtu kwa pH hiyohiyo, na kikemia havijakosea, lakini maelezo hayo hayanitoshi. Vinavyoleta tofauti kubwa ni vitu viwili vinavyoonekana kwa macho: rangi ya mdomo wenyewe chini ya doa, na ukavu. Ngozi iliyokauka na kubanduka inakunywa rangi zaidi, ndiyo maana doa hukolea kwenye magamba na mistari, likafifia katikati ya mdomo wa chini ambako ulimi hupita kila wakati. Hata hivyo wapo watu ambao midomo yao haikamati tinti yoyote, uiandae usiiandae, na sijawahi kusoma sababu ikaniridhisha.

Wale wa toni ya joto (ngozi inayoelekea njano) na toni ya baridi (inayoelekea pinki) nao nawapitia haraka. Huko Seoul watu hulipia kabisa kikao cha kuwekewa vitambaa vya rangi mbalimbali chini ya kidevu ili waambiwe wao ni wa majira gani. Kwa nguo na fondesheni, sawa. Kwa tinti, kikifika chakula cha mchana kila mtu ni toni ya baridi.

Turudi kwenye video. Iwe ni ya Pony au Risabae, wapambaji maarufu wa Kikorea, au ya binti wa chuo aliyewasha taa ya duara chumbani kwake, angalia sekunde zile kabla ya tinti. Kwenye mdomo wa gredienti, ule uliotamba miaka ya 2010, rangi iko katikati na kingo zimefifia. Na mara nyingi hatua ya kwanza ni kugonga kushion (fondesheni ya kwenye sponji) au konsila kwenye kingo za mdomo ili kuua rangi yake ya asili. Hatua hiyo inapita ndani ya sekunde tatu, wewe unasubiri kichupa kifunguliwe. Ikija tinti, inakaa juu ya mdomo uliokwisha kufutwa rangi. Tinti haifuniki kitu, inaongeza tu. Ukiongeza pinki juu ya mdomo mweupe unapata pinki. Ukiongeza pinki ileile juu ya mdomo wa kahawia iliyokolea unapata beri, au hupati chochote cha kuonekana kwenye picha.

Basi mtu anasema, nami nitaweka fondesheni kwenye kingo. Matokeo yake ni majivu. Fondesheni imejaa titani dioksaidi, na nyeupe ya namna hiyo ikikaa nyembamba juu ya ngozi nyeusi jicho linaona kijivu. Ukizidisha ili kuua ukijivu inakuwa nene, ukicheka inapasuka. Mwaka 2024 kampuni ya Kikorea ya TirTir walipanua rangi za kushion yao hadi kupita 30, baada ya video za mwanaurembo wa mtandaoni Miss Darcei kuonyesha jinsi zilivyokuwa chache na nyeupe, na hilo limewasaidia wengi kwa uso. Kwa kingo za mdomo halijabadilisha mambo, kwa sababu kasoro iko kwenye mbinu yenyewe.

Kinachonishangaza ni kwamba wengi wetu tuna gredienti ya kuzaliwa. Kingo nyeusi, katikati waridi. Hapa Pwani bibi harusi hupambwa kwa kinyume cha Wakorea, wanja wa kahawia au mweusi pembeni na rangi nyepesi katikati, na mkono umeshazoea mstari mkali. Kwa mwonekano wa Kikorea acha kingo zako zilivyo. Chukua penseli ya kahawia inayolingana na ukingo wako, si nyeusi kuuzidi, pitisha kwenye mpaka ule ambapo weusi unakutana na waridi, kisha isugue kwa brashi ndogo kuelekea ndani kama milimita mbili au tatu. Lengo ni mpaka upotee. Tinti inaingia katikati peke yake, matone matatu mdomo wa chini, unabana midomo mara moja, unagonga kwa kidole cha pete. Mtindo wa sasa wa mdomo uliofifishwa, ule usio na mstari kabisa, unaipendeza midomo ya namna hii kuliko gredienti ya zamani. Tumia tinti ya velveti, ile nzito isiyong'aa, kama Peripera Ink Velvet na brashi laini iliyo kavu, zungusha mpaka usijue mdomo unaishia wapi.

Mdomo wa juu mweusi na wa chini pinki ni kesi nyingine. Karibu kila mtu anajaribu kuupandisha wa juu kwa konsila ya chungwa. Inawezekana ukitumia tinti ya velveti, nyembamba sana. Kwa tinti ya maji sahau, maji juu ya konsila yanafanya madonge. Rahisi zaidi ni kushusha wa chini: tabaka moja juu, mawili au matatu chini, dakika moja kati ya tabaka na tabaka, mpaka vilingane. Hautakuwa mwepesi kama wa kwenye video. Utakuwa mmoja.

Maandalizi sasa, maana hapa ndipo mabaka yanapozaliwa. Usisugue mdomo kwa sukari dakika tano kabla ya tinti. Unaacha sehemu zilizochubuka, nazo zinakunywa rangi kuliko zingine. Sugua usiku, paka vaselini, lala. Asubuhi weka kitambaa chenye maji ya vuguvugu dakika mbili, pangusa taratibu. Ukihitaji mafuta ya mdomo yaweke dakika kumi, halafu yatoe yote. Bana tishu katikati ya midomo: ikitoka na alama inayong'aa kwa mafuta, rudia. Mafuta yaliyobaki huzuia tinti ya maji kushika, ndiyo maana unaona doa hapa na pengo pale. Kijiti cha sponji kifute kwenye shingo ya kichupa, kinachobaki kinatosha midomo yote. Tinti ya maji inataka usambaze ndani ya sekunde kumi hivi, ukiiacha itone mahali pamoja imeshashika na hutaihamisha. Ile ya jeli inayong'aa, kama Juicy Lasting Tint ya Rom&nd, inakupa muda zaidi, lakini usibane midomo mpaka itulie, la sivyo utando unakusanyika kwenye mstari wa ndani na kutengeneza utepe mweupe wa aibu. Mng'ao uweke mwisho, katikati tu.

Kabla hujanunua, fanya jaribio moja dogo ambalo lingenipunguzia zile jumbe. Paka tinti upande wa ndani wa mkono, subiri dakika kumi, kisha futa kwa pamba yenye mafuta ya nazi mpaka pamba isitoke tena na rangi. Kilichobaki mkononi ndiyo rangi utakayotembea nayo kutoka mchana hadi jioni. Kama huipendi hiyo, usinunue, hata kama ya juu ilikuwa nzuri kiasi gani. Dukani mwombe muuzaji kichupa cha kujaribia. Akikataa, basi tafuta video ambayo mtu anafuta kwa tishu mbele ya kamera.

Kwa midomo iliyokolea nenda kwenye damu ya mzee, zambarau, tini, nyekundu iliyoiva. Kwenye Juicy Lasting Tint, rangi za Plum Coke na Dark Coconut zinaonekana. Figfig kwenye mdomo wa kahawia ya kati inatulia vizuri. Rangi zenye umaziwa, zile pichi na waridi zilizopauka, zina titani dioksaidi ya kutosha kukuletea majivu yaleyale niliyoyasema. Ukizipenda sana zipake katikati juu ya penseli ya kahawia, eneo la ukucha wa kidole kidogo.

Kutoa: pamba yenye mafuta, ikalie mdomo dakika moja, pangusa. Doa litabaki kidogo, liache, litaondoka na ngozi kwa siku moja au mbili. Anayelisugua kwa mswaki anawasha mdomo, na ngozi yetu ikiwashwa inajibu kwa weusi, kisha tinti ndiyo inasingiziwa. Lakini ukipaka ukahisi kuchoma au midomo ikavimba, futa na usiirudie. Wapo ambao rangi hizi za doa hazipatani nao, na kuzoea hakupo.

Sasa feki. Harufu ya rangi ya ukuta au spiriti kali. Viambato vyenye makosa ya tahajia, au boksi lisilotaja rangi yoyote kwenye viambato wakati ndani kuna rangi nyekundu. Boksi na kichupa vyenye namba tofauti za toleo. Doa ambalo halipo hata kidogo kwenye tinti iliyoandikwa ya kudumu. Bei ya nusu ya duka la pili pale Kariakoo nayo inasema kitu. Tarehe ndiyo inayowachanganya watu: Wakorea huandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Ukiona 제조 karibu na tarehe, hiyo ni siku ya kutengenezwa. Ukiona 까지, hiyo ndiyo ya mwisho wa matumizi. Wapo wanaotupa kichupa kizima kwa kuona tarehe imepita, kumbe ni ya kutengenezwa. Na ukishafungua, hesabu kwa ule mchoro wa kopo lililo wazi: 6M ni miezi sita, 12M ni mwaka.