Damu ikikauka bado ina noma
Kuna hiki kitu watu wanaambiana sana makazini, vinyozi, wafagiaji wa hospitali, hadi mafundi gereji, eti damu ikishakauka wadudu wote wamekufa, unafuta na kitambaa unaendelea na mambo yako. Kwa VVU kuna kaukweli, kile kirusi hakihimili kukaa nje ya mwili. Ila homa ya ini aina ya B ni habari nyingine kabisa, kirusi chake kinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka juu ya meza au mashine ya kunyolea siku 7 au zaidi na bado kikaambukiza, na doa lenyewe hata usilione.

Halafu cheki hesabu za kuchomwa na sindano yenye damu ya mwenye ugonjwa: VVU ni kama 0.3%, homa ya ini C karibu 0.2%, B kwa ambaye hajachanjwa inaanzia 6% mpaka 30%. Sasa sisi tunaogopa ipi?

Na B chanjo yake ipo, kawaida dozi 3. Ukichomwa usikamue kidonda wala usimwagie jiki, jiki ni ya sakafu jamani, osha na sabuni na maji yanayotiririka, toa taarifa hapohapo maana dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na mapema ndo bora. Sindano ikishatumika usiirudishie kifuniko, tupia kwenye lile boksi la vitu vya ncha kali, na likifika robo tatu lifungwe, msilishindilie.