Je, wajua? Ruzuku kubwa ya benki haionekani kwenye bajeti

Ukisikia serikali imetoa ruzuku, huenda unafikiria hundi kutoka hazina. Hiyo ndiyo aina rahisi kuiona. Kampuni hupewa pia misamaha ya kodi na mikopo ya riba nafuu. Benki kubwa hupata na kitu kisichoandikwa popote: imani ya soko kwamba zikiyumba, serikali haitaziacha zianguke.

Imani hiyo ina bei. Benki hukopa kwa kuuza hatifungani, yaani hati za deni zenye riba, na mnunuzi anayeamini kuwa serikali itaiokoa hukubali riba ndogo. Chukua benki yenye madeni ya bilioni 10: ikipunguziwa riba kwa nusu ya asilimia moja tu, inaokoa milioni 50 kila mwaka, na hakuna bunge lililoidhinisha senti hata moja. Mkopeshaji naye haoni haja ya kuchunguza benki inakopesha nani. Ndiyo maana benki hujitosa kwenye biashara za hatari: faida ni ya wenye hisa, hasara kubwa ni ya mlipakodi.

Mwaka 2008 benki kubwa ziliyumba, na ahadi hiyo ya kimya ilibidi ilipwe. Nchini Marekani, sheria ya Oktoba iliidhinisha dola bilioni 700 za uokoaji. Katika mpango wa kuzipa benki mtaji, serikali ilinunua hisa za upendeleo, ambazo hulipwa gawio kabla ya hisa za kawaida: 5% kwa miaka 5 ya kwanza, kisha 9%. Kupanda huko kulikusudiwa, ili benki zifanye haraka kurudisha fedha. Takriban dola bilioni 205 ziliingia katika taasisi 707, na kilichorudi kilizidi kilichotoka. Uingereza iliweka pauni bilioni 45.5 katika Royal Bank of Scotland, kwa hisa za kawaida na nyingine zilizogeuzwa baadaye kuwa za kawaida; thamani ya hisa za kawaida hufuata soko, na hazina gawio la lazima. Hisa za mwisho ziliuzwa Mei 2025, na kwa jumla zilikuwa zimerudi kama bilioni 35. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu uokoaji wowote, uliza serikali ilinunua hisa za aina gani. Na hata pale fedha ziliporudi zote, hatari aliyoibeba mwananchi haikulipiwa bei ambayo mwekezaji binafsi angeidai siku zile.

Vyombo vya habari navyo hupata ruzuku, na kwao swali zito ni nani anayeweza kuikata. Sheria ya posta ya Marekani ya mwaka 1792 ilitoza gazeti senti 1 hadi maili 100 na senti 1.5 kwa umbali zaidi, ilhali barua ya karatasi moja ililipiwa senti 6 hadi 25. Bei ilikuwa ileile kwa gazeti linalomsifu rais na linalompinga. Canada nayo ilianza mwaka 2019 kurudisha kupitia kodi 25% ya mishahara ya waandishi, kwa kikomo cha mshahara wa dola 55,000 wakati huo. Kanuni zote mbili ziliwekwa sheriani, ili afisa asiweze kuzibadilisha kwa hasira ya habari ya jana.

Matangazo ya serikali hayana kinga hiyo. Afisa huchagua gazeti, huchelewesha malipo, na mhariri anayesubiri malipo hayo ili alipe mishahara huijua maana yake bila kupigiwa simu. Ukitaka kupima uhuru wa chombo, tafuta katika hesabu zake ni sehemu gani ya mapato inatoka serikalini, na ni kiasi gani serikali bado inadaiwa.