Je, Wajua Kwa Nini Tunamhurumia Mhusika Anayekosea?

Ingia kibanda umiza chochote, vile vibanda vya kuonyeshea filamu, pale Igogo au Mabatini jijini Mwanza jioni, filamu ikiwa imenoga. Muuaji amejibanza nyuma ya mlango, polisi wanapanda ngazi, na watu waliolipa kiingilio chao wanampigia kelele muuaji: "Pitia dirishani, kaka! Wanakuja!" Watu hao hao, kibaka akikamatwa mtaani kesho yake, hakuna atakayemwombea. Roho zao hazikugeuka usiku mmoja. Kwenye filamu walikuwa wamewekwa ndani ya mtu. Mtaani wanamtazama kwa nje.

Jambo hili limewashughulisha watu tangu zamani. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika kuwa tanzia, yaani mchezo wa kuigiza wenye mwisho wa huzuni, haifai kumchagua mtu mwema kupita kiasi, wala mwovu wa kutupwa. Mwema akiangamia bila kosa, tunachukizwa tu. Mwovu akiangamia, tunaona amevuna alichopanda. Anayetugusa ni yule wa katikati, mtu wa heshima zake anayeanguka kwa kosa la mkono wake mwenyewe.

Lakini kukosea peke yake hakutoshi. Wengi tuliosoma fasihi shuleni tulikariri kwamba mgogoro wa nafsi ni vita kati ya wema na ubaya ndani ya mtu, tukaandika hivyo kwenye mtihani na tukapata alama. Mimi naona maelezo hayo yanapunguza uzito wa jambo. Mgogoro unaouma kweli ni wa haki mbili zinazodai mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Tuseme tunatunga hadithi ya mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha kulinda rasilimali za ziwa, kwenye mwalo fulani upande wa Sengerema. Usiku anapelekewa habari kuwa kuna watu wanavuta kokoro, nyavu iliyopigwa marufuku kwa sababu inakomba hata samaki wachanga, wakati sheria inataka sangara asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50. Anashuka ufukweni na tochi. Anamkuta mdogo wake, yule anayemsaidia mwenyekiti kulipa ada ya shule ya mwanawe.

Akipokea fedha na kunyamaza, ni mla rushwa. Tunamjua, hatuna haja naye. Akimkamata ndugu yake papo hapo bila kusita, anafaa kuchorwa kwenye bango la uhamasishaji, ila hadithi imekwisha. Sasa mwache alifiche kokoro lile nyumbani kwake chini ya magunia, na asubuhi yake akae kwenye kiti cha mbele mkutanoni kumtoza faini mzee mwingine kwa kosa lile lile. Hapo msomaji anasogea karibu. Anamlaumu mwenyekiti, na papo hapo anaogopa asije akagundulika. Mapenzi ya ndugu ni haki, ulinzi wa ziwa ni haki, na mtu huyu ana kifua kimoja tu.

Tena ukimfuata mwenyekiti huyo siku mbili tatu, utamsikia akianza kujisemesha. "Kokoro moja halimalizi ziwa." "Wenye viwanda mbona hawaguswi?" Mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1957: mtu akibeba imani moja na tendo linaloipinga, hukosa raha, na ili apate ahueni mara nyingi hubadilisha imani, kwa kuwa tendo limeshatendeka na halirudi nyuma. Kwa anayechambua mhusika, hii ni zana yenye nguvu kuliko orodha yoyote ya sifa zake. Tafuta uongo wa kwanza anaojiambia mwenyewe. Ukiupata, umepata mahali nafsi yake ilipopasuka.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna bahati, maana mmoja wa mafundi wakubwa wa kazi hii katika Kiswahili alizaliwa ng'ambo tu ya maji, kijiji cha Namagondo, Ukerewe. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 na kufariki Januari 2020. Katika Kichwamaji, riwaya yake ya mwaka 1974, alifanya uamuzi mmoja mkubwa: alimwachia Kazimoto asimulie mwenyewe. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu aliyerudi kwao kijijini na hana raha popote. Dada yake, Rukia, amepewa mimba na Manase na kufa, naye Kazimoto anakusudia kulipa kisasi kupitia Sabina, dada yake Manase. Kisha anamwoa. Ukiisikia habari hiyo kwa jirani, utasema huyo kijana ni mtu wa hovyo. Lakini unaposoma huna pengine pa kusimama isipokuwa ndani ya kichwa chake. Kila anapojidanganya, unadanganyika naye kwa dakika moja kabla hujashtuka. Wapo wasiompenda Kazimoto hata kidogo, na bado wakafika ukurasa wa mwisho na kuumia alipojiua.

Rosa Mistika ya mwaka 1971 inapita njia nyingine. Rosa hasimulii, anasimuliwa. Kezilahabi anachofanya ni kupanga mambo. Kabla hatujamwona Rosa akipotea, tunamwona baba yake, Zakaria, akimpiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Msichana anakwenda kusoma Mwanza akiwa na hofu tu ya kumlinda, na hofu ile inapochakaa hakuna kitu kingine kilichobaki cha kumshikilia. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni ilipotoka, ingawa baadaye ilikuja kufundishwa. Nadhani kilichowatisha watu hakikuwa zile habari za mapenzi peke yake. Ilimfanya msomaji amhurumie msichana ambaye jamii ilikwisha kumhukumu.

Filamu ina shida ambayo riwaya haina: kamera haiingii kichwani. Inaona uso tu. Basi huzuni na mashaka ya mhusika tunayapataje? Kwa sehemu kubwa tunayaweka sisi wenyewe. Mwongozaji wa Urusi, Lev Kuleshov, katika miaka ya baada ya mapinduzi ya 1917, alichukua picha ile ile moja ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso mtulivu usio na dalili yoyote, akaiunganisha na picha ya sahani ya supu, kisha ya mtoto ndani ya jeneza, kisha ya mwanamke. Inasimuliwa kuwa watazamaji waliusifia uigizaji wake: hapa ana njaa, hapa ana majonzi, hapa ana tamaa. Uso haukuwa umebadilika hata chembe.

Ndiyo maana dakika ya kimya kwenye filamu nzuri ina kazi nzito. Mhusika anatazama simu inayoita na hapokei, nasi tunaujaza uso wake kwa hofu zetu. Tukishaujaza, hatuwezi tena kumchukia kirahisi, kwa sababu nusu yake tumeitoa kifuani mwetu. Watafsiri wa filamu kwenye vibanda vyetu wana kipaji kikubwa, lakini hapa huwa wananiumiza. Kimya kikianza tu, wanakijaza: "Jamaa anawaza sasa, amuue ama amwache?" Filamu zetu nyingi nazo hukijaza kwa muziki wa kuliza na machozi yanayoonyeshwa kwa karibu. Mtazamaji ananyang'anywa kazi ambayo ndiyo ingemuunganisha na mhusika.

Waandishi wengine nao hudhani njia ya mkato ni kumpa mhusika utoto wa mateso. Alipigwa, alinyimwa chakula, kwa hiyo sasa anaua. Mateso yanaeleza mtu alikotoka, ila hayamfanyi awe na mgogoro. Mgogoro unahitaji mlango wa pili uliokuwa wazi, mhusika akauona, akasita mbele yake.

Mrudie Zakaria kwa jicho hilo. Wasomaji wengi wa Rosa Mistika humwekea lawama zote, na sababu anazo tele. Lakini angalia ni mara ngapi tumeingizwa kifuani mwake tukilinganisha na binti yake. Ni chache mno. Tunauona mkono wake, tunaiona pombe yake, tunasikia ukali wake. Kezilahabi angeiandika riwaya ile kwa nafsi ya kwanza ya Zakaria, bila kubadilisha tendo hata moja, naamini wapo ambao wangefunga kitabu wakimlilia na yeye.