Dole Whip haihitaji mashine

Wengi huamini kwamba Dole Whip, ile aiskrimu laini ya nanasi inayouzwa kwenye bustani za burudani za Disney kule Marekani, haitengenezeki nyumbani bila mashine maalumu. Si kweli. Aprili 2020, bustani zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, Disney wenyewe walitoa resipe: vikombe 2 vya nanasi lililogandishwa, nusu kikombe cha juisi ya nanasi na bonge moja kubwa la aiskrimu ya vanila. Unasaga kwenye blenda, basi.

Kazi yote iko kwenye baridi. Kata nanasi vipande vidogo, vilale kwenye friza usiku kucha hadi vigongane kama kokoto. Ukitumia nanasi ambalo halijaganda utapata juisi. Ukiongeza barafu, ladha inapooza. Blenda ikikwama, izime, kwangua pembeni kwa mwiko, kisha endelea. Usikimbilie kumimina juisi zaidi! Dole Whip ikisimama yenyewe kwenye kijiko, iko tayari.

Jambo moja: ile ya bustanini hutokana na unga maalumu usio na maziwa, hii ya nyumbani ina maziwa. Asiyetumia maziwa aweke tui zito la nazi badala ya aiskrimu. Mimi naipenda hiyo zaidi.