Dharura si foleni ya benki
“Mimi niko hapa tangu saa moja asubuhi, huyu aliyekuja sasa hivi anaingizwaje?” Wengi hudhani muuguzi kapewa kitu kidogo. Lakini idara ya dharura haiendi kwa aliyewahi. Mlangoni hupimwa mapigo ya moyo, upumuaji, presha na joto, huangaliwa kama mgonjwa anajitambua, kisha hupewa rangi. Kwa utaratibu uliobuniwa Afrika Kusini, mwekundu huhudumiwa papo hapo, wa chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa 1, wa kijani ndani ya saa 4. Kelele hazisaidii: mtoto aliyenyamaza na kulegea humtia muuguzi hofu kuliko anayelia kwa nguvu. Ukizidiwa ukiwa kwenye benchi, sema, rangi hubadilishwa.