Altrasaundi ya Kisasa Katika Uchunguzi wa Magonjwa na Uvimbe wa Ini

Karatasi ya maombi ya kipimo ambayo mgonjwa hukabidhi anapoingia chumba cha altrasaundi mara nyingi huwa na maneno mawili tu: "altrasaundi, tumbo". Maneno hayo hayamwelezi mpimaji kama mgonjwa ameishi na homa ya ini B kwa miaka mingi, kama vipimo vya damu vimeonyesha kuwa vimeng'enya vya ini vimepanda, au kama kuna uvimbe uliokwisha kuonekana kwingine na sasa kinachotafutwa ni aina yake. Zamani upungufu huo haukuwa na madhara makubwa, kwa kuwa mashine ilikuwa na njia moja tu ya kuliangalia ini. Siku hizi mashine hiyohiyo inaweza kulipima ini kwa njia kadhaa, kila njia ikijibu swali lake, na swali lisipoulizwa njia inayofaa haitumiki. Ndiyo maana mtu aliyepimwa na kuambiwa kuwa ini lake liko sawa anaweza kuitwa tena baada ya wiki chache kwa altrasaundi nyingine, naye akadhani kwamba kipimo cha kwanza kiliharibika.

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti ambayo binadamu hawezi kuyasikia. Ukomo wa sikio letu ni mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde, ilhali proba, yaani kifaa cha mkononi kinachowekwa juu ya tumbo, hutoa mitetemo ya kati ya milioni 2 na milioni 5 kwa sekunde. Mawimbi hayo hupita katika nyama laini za mwili kwa kasi ya wastani wa mita 1,540 kwa sekunde, hugonga mipaka baina ya tishu moja na nyingine, na mwangwi unaorudi ndio unaotengenezwa kuwa picha. Hakuna eksirei inayotumika hapo. Nalisema hili kwa sababu chumba cha altrasaundi aghalabu kimo ndani ya idara ya mionzi, jirani na milango yenye alama za tahadhari, na wapo akina mama wajawazito wanaoingia kwa hofu isiyo na msingi.

Picha ya kawaida ya rangi ya kijivu bado ndiyo mwanzo wa kila uchunguzi, na kazi yake si ndogo. Huonyesha ukubwa wa ini, uso wake kama ni laini au una vinundu, maji yaliyojaa tumboni, wengu uliovimba, mirija ya nyongo iliyotanuka, majipu na vifuko vya maji. Udhaifu wake uko katika magonjwa yanayoanza. Mafuta kwenye ini huanza kuonekana vizuri pale yanapokuwa yamejaa katika kiasi cha asilimia 20 hadi 30 ya seli za ini, na makovu ya hatua za mwanzo hayabadilishi sura ya ini kiasi cha kutambulika kwa macho. Kwa hiyo ripoti inayosema kuwa ini lina mwonekano wa kawaida inaeleza sura ya ini tu, na mgonjwa mwenye homa ya ini sugu hapaswi kuichukua kuwa hati ya kumwachisha kliniki.

Ini hupokea damu kwa njia mbili, jambo ambalo si la kawaida kwa viungo vingine. Karibu robo tatu ya damu yake huja kupitia mshipa mkubwa unaotoka kwenye utumbo na wengu, uitwao vena lango, na robo iliyobaki huletwa na ateri ya ini. Kipimo cha Dopla hutambua mwendo wa damu hiyo: inaelekea wapi, kwa kasi gani, na kama imesimama. Ini lililosinyaa kwa makovu huwa gumu kupitisha damu, hivyo kasi katika vena lango hupungua na wakati mwingine damu hugeuza njia na kurudi nyuma, ikifungua vijia vya pembeni vinavyoweza kufika hadi kwenye umio na kupasuka. Dopla pia huonyesha damu iliyoganda ndani ya vena lango, na endapo ndani ya bonge hilo kutaonekana mapigo ya ateri, shaka kubwa ni kwamba si bonge la kawaida bali ni saratani iliyoingia ndani ya mshipa.

Mabadiliko yaliyogusa wagonjwa wengi zaidi, kwa maoni yangu, ni elastografia, yaani upimaji wa ugumu wa ini. Kabla yake, njia ya kuaminika ya kujua kiwango cha makovu ilikuwa kuchukua kinyama kwa sindano. Njia hiyo ina maumivu, ina hatari kidogo ya kuvuja damu, na kipande kinachopatikana ni kama sehemu moja tu kati ya 50,000 za ini zima. Elastografia haichomi sindano. Katika mashine ya aina iliyoenea zaidi, ambayo imekuwa ikitumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, proba hugonga ngozi kidogo katikati ya mbavu za upande wa kulia, mgonjwa akihisi kama amedonolewa na kidole. Pigo hilo huzalisha wimbi la polepole linalopenya ndani ya ini, na altrasaundi hulifuata wimbi hilo na kupima kasi yake. Kama mtetemo unavyokwenda haraka zaidi kwenye kamba iliyokazwa kuliko kwenye kamba iliyolegea, ndivyo wimbi linavyokimbia zaidi kwenye ini lenye makovu. Kasi hiyo hugeuzwa kuwa kipimo cha ugumu kwa kilopaskali. Zipo pia mashine za kawaida za altrasaundi zilizoongezewa uwezo huu, ambazo hutumia msukumo wa sauti yenyewe badala ya kugonga ngozi, na hizi zina faida ya kumwonyesha mpimaji picha ya mahali hasa anapopima.

Ini lenye afya huwa na ugumu wa takriban kilopaskali 5. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 kuhusu homa ya ini B unachukulia kipimo kinachozidi 7 kuwa dalili ya makovu yenye uzito, na kinachozidi 12.5 kuwa dalili ya ini kusinyaa, yaani sirosisi. Kwa ujumla, wataalamu wa presha ya vena lango huona kwamba kipimo kilicho chini ya 10, kama hakuna dalili nyingine, kinaiondoa shaka ya ugonjwa uliokomaa, na kinachozidi 25 kwa mtu mwenye homa ya ini sugu ya virusi kinaonyesha kuwa presha hiyo imekwisha kupanda hadi kiwango cha hatari.

Lakini namba hii inadanganya kwa urahisi, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie. Ugumu wa ini hauletwi na makovu peke yake. Chakula kilicholiwa saa moja iliyopita huongeza damu inayoingia kwenye ini na kulikaza. Kuvimba kwa ini lenyewe wakati homa ya ini inapokuwa kali hulikaza pia. Moyo uliochoka hurudisha damu nyuma na kulijaza ini. Nyongo iliyozibwa hufanya vivyo hivyo. Chukua mfano wa ripoti yenye ugumu wa kilopaskali 13. Mgonjwa akiwa alifunga kula kwa saa tatu au zaidi, vimeng'enya vyake viko karibu na kawaida, na moyo wake hauna tatizo, namba hiyo inastahili kuchukuliwa kwa uzito. Mgonjwa huyohuyo akiwa macho yana manjano na vimeng'enya vimepanda mara kumi, namba hiyo haina maana mpaka kuvimba huko kupoe na kipimo kirudiwe. Ndani ya ripoti yenyewe kuna kipengele kingine ambacho watu hawakiangalii: mpimaji huchukua vipimo vipatavyo kumi na kutoa cha katikati, na pembeni yake huandika asilimia inayoonyesha jinsi vipimo hivyo vilivyotofautiana. Ikizidi asilimia 30, hasa pale ugumu unapozidi kilopaskali 7, matokeo si ya kutegemewa. Maji yaliyojaa tumboni hulizuia wimbi la kugonga lisifike kwenye ini kabisa, na mafuta mengi chini ya ngozi hudai proba maalumu.

Kichocho cha tumbo ni fumbo la pekee. Makovu yake hujipanga kandokando ya matawi ya vena lango na kuziacha nyama nyingine za ini zikiwa laini, hivyo mtu anaweza kutapika damu kwa presha ya vena lango ilhali ugumu wa ini lake haujapanda kwa kiasi kinacholingana na hali yake. Kwa ugonjwa huu picha ya kijivu ndiyo yenye nguvu, nayo ina utaratibu wake maalumu wa kusomwa, uitwao utaratibu wa Niamey, unaopanga makovu hayo katika madaraja kwa sura na unene wake. Ni mfano mzuri wa kipimo cha zamani kukishinda kipya pale swali linapokuwa sahihi.

Mashine nyingi za elastografia hupima pia mafuta kwenye ini, kwa kuangalia jinsi sauti inavyofifia inapopita ndani yake. Kipimo hiki kinafaa kufuatilia mgonjwa anayepunguza uzito au kudhibiti kisukari; kwa kupanga madaraja ya mafuta hakina usahihi mkubwa.

Uvimbe ukionekana, swali hubadilika. Ini ni mahali ambapo vimbe nyingi zisizo na madhara hugunduliwa kwa bahati, na picha ya kijivu mara nyingi haiwezi kuzitenganisha na saratani. Hapo ndipo altrasaundi yenye dawa ya kung'arisha inapoingia. Dawa hiyo ni viputo vidogo mno vya gesi vilivyofunikwa kwa utando mwembamba. Kipenyo chake ni maikromita chache, kwa kawaida vidogo kuliko chembe nyekundu ya damu, hivyo hupita katika kila mshipa lakini havitoki nje ya mishipa. Mililita moja au mbili huchomwa mkononi, mashine huwekwa kwenye nguvu ndogo ili isivipasue viputo, na mpimaji hutazama moja kwa moja jinsi uvimbe unavyojaa damu na kuimwaga. Gesi hiyo hutoka kwa pumzi ndani ya dakika chache bila kupitia kwenye figo, jambo linalokifanya kipimo hiki kuwa kimbilio la wagonjwa wa figo ambao dawa za skani ya CT zinaweza kuwaletea matatizo. Mzio mkali hutokea kwa nadra sana, ila chumba lazima kiwe na dawa za dharura, na mgonjwa aliyewahi kupata mzio wa dawa kama hiyo aseme mapema.

Siri ya usomaji iko kwenye saa. Katika sekunde za mwanzo, takriban kati ya 10 na 45, damu ya ateri ndiyo inayofika. Kisha hufuata damu ya vena lango hadi dakika ya 2. Baada ya hapo ni kipindi cha mwisho, ambapo ini la kawaida bado linang'aa. Saratani inayoanzia kwenye ini hulishwa zaidi na ateri, kwa hiyo humeremeta mapema kuliko ini linaloizunguka, kisha hufifia taratibu na kwa kiasi kidogo, kwa kawaida baada ya sekunde 60. Saratani iliyosambaa kutoka kiungo kingine hufifia mapema na kuwa nyeusi kabisa, mara nyingi ikiwa na pete inayong'aa pembeni mwanzoni. Hemanjioma, ambao ni uvimbe wa mishipa ya damu usio na madhara, hujaa kuanzia ukingoni kwenda katikati kama vishada vinavyokutana, na hubaki iking'aa. Kifuko cha maji hakipokei kiputo hata kimoja. Picha hizi si hukumu peke yake: kanuni za kuitambua saratani ya ini kwa picha bila kuchukua kinyama zimewekwa kwa ajili ya watu wenye hatari kubwa, kama wenye sirosisi au homa ya ini B sugu. Uvimbe uleule kwa mtu asiye na hatari hiyo unahitaji uthibitisho wa njia nyingine.

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2022 watu wapatao 866,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya ini, na wapatao 758,000 walifariki kwa saratani hiyo. Namba hizo mbili zinakaribiana kwa sababu wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Kwa hiyo wenye sirosisi, pamoja na baadhi ya wenye homa ya ini B hata kabla ya sirosisi, hushauriwa kufanyiwa altrasaundi kila baada ya miezi 6, ikiambatana na kipimo cha damu cha alfafetoproteini, protini ambayo mara nyingi hupanda kwa mwenye saratani ya ini. Kwa kazi hii picha ya kijivu inatosha. Dawa ya kung'arisha haifai kutumika kulitafuta tatizo katika ini zima, kwani sekunde za ateri ni chache mno. Hutumika pale uvimbe unapokuwa umekwisha kupatikana. Kinundu kisichofika milimita 10 kwa kawaida hakikimbiliwi kwa sindano, bali hupimwa tena baada ya miezi mitatu kuona kama kimekua.

Altrasaundi haioni nyuma ya gesi ya utumbo, hupata taabu kwenye sehemu ya juu ya ini iliyojificha chini ya mbavu, na kwa mtu mnene sauti hufifia kabla haijafika ndani. Hutegemea pia mkono na jicho la mpimaji kuliko kipimo kingine chochote cha picha. Saratani ikithibitishwa, skani ya CT au MRI bado inahitajika ili kujua imeenea wapi, kwa sababu altrasaundi yenye dawa huchunguza kinundu kimoja au viwili kwa wakati mmoja.

Anayekuja kupimwa afunge kula kwa saa zipatazo sita. Maji kidogo ya kunywea dawa zake za kawaida hayaharibu kipimo, na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini aombe nafasi ya asubuhi na ashauriane na daktari wake kuhusu dozi. Aje na majibu ya karibuni ya vimeng'enya vya ini, majibu ya homa ya ini B na C kama anayo, na picha za awali pamoja na ripoti zake, maana kinundu cha milimita 9 kilichokuwa na ukubwa huohuo miaka miwili iliyopita hushughulikiwa tofauti kabisa na kile ambacho hakikuwepo. Na kabla hajaondoka kliniki amwombe daktari aandike kwenye karatasi ya maombi kile anachotaka kujua: kama ni kiwango cha makovu, mtiririko wa damu kwenye vena lango, au aina ya uvimbe ulioonekana.