Chaji ikipungua, mionzi haiongezeki

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu ya familia, Kondele hadi Nyalenda, Kisumu: usipokee simu chaji ikibaki kidogo, eti mionzi huwa mara 1,000 na huunguza ubongo. Si kweli. Nguvu ya mawimbi ya simu, yaani hiyo mionzi, haifuati chaji, hufuata ubora wa netiweki, na ina kikomo. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa: netiweki ikififia, simu hujikaza kweli kutuma mawimbi, hata betri ikiwa imejaa. Tena mawimbi haya, tofauti na eksirei, hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi. Bonyeza *#07#. Simu nyingi zitakuonyesha kiwango cha SAR, yaani nguvu ya mawimbi ya simu inayofyonzwa na mwili. Ulaya, kichwani, hakipaswi kupita wati 2 kwa kilo ya mwili. Shangazi akikutumia ujumbe huo, usiusambaze. Mweleze taratibu.